Nani Atamwosha Tajudini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni redio karibu. Aliye jikoni apunguze moto kidogo, aje asikie.

Leo tunamkumbuka Tajudini, fundi rangi wa magari, mtu wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Tajudini alifariki Alhamisi ya wiki iliyopita. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Aliugua saratani ya kibofu cha mkojo, ile ambayo wengi wetu tunaiita kansere, tena kwa kunong'ona. Mimi leo naitaja kwa sauti, kwa sababu mkewe, Khadidja, ameniruhusu. Ameniambia, "Sema yote, dada. Yeye mwenyewe alisema: mukishanizika, semeni."

Niwaambie mapema kilichomsumbua. Tajudini aliogopa kufa, kama mimi na wewe. Lakini kuna kitu alikiogopa zaidi. Aliogopa kuoshwa. Aliogopa ile saa ambayo wanaume wa ukoo na wa msikiti watafunga pazia, watamvua nguo, na kuuona mwili wake.

Tajudini alizaliwa Buyenzi, akakulia Buyenzi. Gereji yake ilikuwa upande wa mtaa wa Asiatique. Kwa miaka thelathini alipaka magari rangi. Alikuwa akichanganya rangi, anaipaka kwenye ukucha wa kidole gumba, anauweka ukucha juu ya mlango wa gari, kisha anafumba jicho moja. Ukucha ukipotea machoni, basi rangi imekubali. Mafundi wenzake walimtania kwamba anapaka kucha kama bibi arusi. Yeye hakujali.

Na siku ya Ijumaa usingemjua. Kanzu nyeupe pe, haina hata doa moja, na mtu ameshinda wiki nzima ndani ya rangi! Kaka yake mkubwa, Anouar, anasema, "Tajudini alijipenda sana. Hata kwenye matanga alikuwa anafika amepiga pasi."

Miaka minne iliyopita, Tajudini aliona mkojo wake ni mwekundu. Wiki hiyo alikuwa anapaka pick-up rangi nyekundu. Akamwambia mkewe, "Ni rangi tu, mama Asiya. Imeniingia mwilini, itatoka." Wapaka rangi wengi hunywa maziwa, wakisema yanaondoa sumu. Tajudini akanywa maziwa. Damu ikakoma wiki mbili, akafurahi. Halafu ikarudi. Pick-up nyekundu ilikwishaondoka, sasa alikuwa anapaka basi la bluu, na mkojo bado ni mwekundu. Akaongeza maziwa.

Nikisimulia hapa najikuta nacheka, wasikilizaji wapendwa, na moyo unaniuma. Miezi minane. Miezi minane mtu anakojoa damu na kunywa maziwa.

Siku mkojo ulipokataa kutoka kabisa, walimkimbiza hospitali akiwa amejikunja na kuuma mkono wake. Daktari alisema ni saratani ya kibofu, na imekwishakua. Kibofu kikatolewa. Karibu na kitovu, upande wa kulia, wakamtobolea tundu dogo la kupitishia mkojo, na juu ya tundu hilo wakabandika mfuko wa plastiki. Mkojo wake sasa ungeingia humo, mchana na usiku, mpaka mwisho wa maisha yake.

Tajudini alirudi nyumbani mtu mwingine. Sheikh alimweleza kwamba ana udhuru, sala yake ni halali, atawadhe kwa kila sala na aje msikitini. Akaenda. Ijumaa ya tatu, akiwa amesujudu, mfuko ukabanduka. Mkeka ukalowa. Mzee aliyekuwa kando yake akasogea pembeni, akasogea tena. Tajudini akatoka amebeba viatu mkononi. Kuanzia siku hiyo hakurudi msikitini. Kanzu nyeupe akaikunja, akavaa nguo nyeusi kila siku. Alitandika mkeka wa kulala peke yake chumba cha pili, ili mkewe asisikie harufu.

Khadidja anasema, "Nilikuwa namuambia, mi sisikii kitu. Anajibu, unanidanganya. Na kweli, siku zingine nilikuwa namudanganya."

Mtu huyu alikata tamaa. Mara mbili alimwambia mkewe kwamba bora wangemwacha afe na kibofu chake.

Sasa sikilizeni alivyompata Abdu. Ilikuwa Jumanne, kwenye benchi la hospitali, nje ya chumba cha kufungia vidonda. Abdu ni mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa Carama, kule kaskazini mwa mji, na yeye alikuwa ametolewa kibofu kwa ugonjwa huo huo. Alimtazama Tajudini, akaona mkono haubanduki ubavuni. Akamsogelea na kumuuliza, "Kaka, na we uko na mupangaji?"

"Mupangaji gani?"

"Huyu mwenye anakaa kwako bila kuombwa, na hatoki."

Tajudini alicheka. Khadidja alikuwepo, anasema alishtuka kusikia sauti ile, maana mumewe hakuwa amecheka kwa karibu mwaka mzima.

Kwenye benchi lile alikuwepo pia mama Léocadie, Mkristo, mkimbizi kutoka Uvira, mkazi wa Buterere. Naye alikuwa na mfuko. Basi wakawa watatu. Kila Jumanne walikutana pale, hata kama hakuna aliyeitwa na daktari. Mifuko ile ni adimu hapa Bujumbura. Aliyepata miwili alimpa mwenzake mmoja. Abdu aliwafundisha kuiosha kwa siki ili itumike tena. Léocadie aliwashonea mikanda ya kitenge ya kuishika isibanduke. Alikuwa akiwapima kiuno mbele za watu na kuwagombeza, "Simama vizuri, papa! Tumbo ni la kuficha nini? Mi pia niko nalo."

Jamani, ndugu zake wa damu walikuwa wengi. Lakini mtu aliyemuuliza Tajudini, "Umeamkaje na mupangaji wako?" alitoka kwenye benchi lile.

Kisha mama Léocadie akafa. Mwaka jana, kipindi cha mvua. Tajudini na Abdu walikwenda Buterere kuhani, wamekunja suruali mpaka magotini kwa ajili ya matope. Waliketi nje. Nyuma yao walikuwepo wanawake wawili waliosaidia kumvalisha marehemu. Mmoja akasema, "Kumbe alikuwa na mufuko wa mikojo ku tumbo! Mi karibu nikimbie." Mwingine akaguna. Na habari ikapita kiti kwa kiti, mama Léocadie akiwa hata hajaingia kaburini.

Abdu ameniambia kwamba Tajudini aliinuka pale pale. Walipofika barabarani alimshika Abdu shati. Akasema, "Mi pia watanisema hivi. Watanifunua, halafu watasema." Abdu akamkumbusha kwamba kwetu Waislamu mwosha maiti hufunga mdomo. Tajudini akajibu, "Mudomo watafunga. Macho je?"

Hapo ndipo walipopeana mkono. Atakayetangulia, mwenzake atamwosha. Hakuna mwingine atakayemgusa.

Mtaniuliza, na mkewe? Dini inamruhusu mke kumwosha mumewe. Khadidja alimwambia hivyo, akalia, akambembeleza. Tajudini alimjibu, "Apana, mama Asiya. We unikumbuke na ile kanzu nyeupe." Khadidja akakubali, kwa machungu.

Mwaka huu saratani ilirudi kwa Tajudini, safari hii kwenye mifupa. Akawa hawezi kugeuka kitandani. Na Abdu, yule aliyeahidi, naye afya ikamwishia. Miguu ikavimba. Wakawa wanaulizana kwa simu, kila mmoja kitandani kwake, na swali lilikuwa lile lile. Tajudini anauliza, "Utafika?" Abdu anajibu, "Nitafika." Tajudini anauliza tena, "Abdu, utafika kweli?"

Alhamisi ya wiki iliyopita, baada ya sala ya alfajiri, Tajudini alifariki.

Anouar, kaka mkubwa, akashika mambo kama desturi. Kuosha saa nne, sala ya jeneza baada ya Adhuhuri, kisha makaburini. Maji yakapashwa moto. Sanda ikafika, karafuu maiti ikafika. Khadidja akapiga simu Carama. Abdu akasema, "Nakuja. Musimuguse."

Lakini wasikilizaji wapendwa, mnaijua Bujumbura yetu ya sasa. Mafuta hakuna. Magari yamelala kwenye foleni za vituo, hata teksi ya kubeba mgonjwa hupati. Saa nne ikafika, Abdu hajafika. Saa tano, hajafika. Anouar akataka kuanza. Khadidja akasimama mlangoni mwa chumba alimolazwa marehemu, akashika miimo yote miwili.

"Ondoka, shemeji," Anouar akamwambia. "Maiti haingojei mutu. Na huyo Abdu ni nani? Mi ndiye niko ndugu yake!"

Khadidja alikuwa ameitunza siri ya mfuko miaka mitatu. Akaitoa mbele ya wanaume wote uani. Akasema, "Ndugu yako alikuwa na mufuko tumboni. Ulijua? Alikuwa anaogopa macho yako, Anouar. Yako we, kuliko ya mutu mwingine."

Sheikh akaingilia kati, akaamua wangoje mpaka Alasiri, na ikifika Alasiri hakuna kungoja tena.

Abdu alitoka Carama kwa miguu, anaegemea fimbo. Akapita Kinama. Huko akaanguka. Mwendesha baiskeli mmoja, hata jina lake hatulijui, akampakia nyuma na kumshika kwa mkono mmoja njia nzima. Walifika Buyenzi saa saba na nusu. Abdu aliposhuka, watu waliona kanzu yake imelowa kutoka kiunoni mpaka chini. Mfuko wake mwenyewe ulikuwa umepasuka njiani.

Alisimama pale katikati ya ua, watu wote wanamtazama, na kwa mara ya kwanza hakujificha. Akasema, "Nipeni maji nijisafishe kwanza. Siwezi kumuosha nikiwa hivi."

Khadidja akaingia ndani. Akatoka na kanzu nyeupe ya mumewe, ile iliyokunjwa miaka yote ile, akampa Abdu aivae.

Pazia likafungwa. Abdu hakuweza kusimama, wakamwekea kiti kando ya kitanda cha kuoshea. Alihitaji mtu mmoja wa kumwagia maji. Alimwita Anouar. Kilichoonekana ndani ya pazia lile sikijui. Nilimuuliza Abdu, akanitazama mpaka nikaona haya. Ninachojua ni hiki. Anouar alitoka nje, mikono inachuruzika maji, ndevu zimelowa machozi. Mtu mmoja akamuuliza, "Vipi huko ndani?" Anouar akajibu, "Ndugu yangu ni musafi."

Tajudini alizikwa baada ya Alasiri. Fundi rangi wa Buyenzi, miaka hamsini na minne, saratani ya kibofu.

Kwa Khadidja, kwa binti yake Asiya, kwa Anouar na ukoo mzima, sisi wa redio tunasema mwihangane, poleni sana. Mungu amlaze mahali pema. Na kwa watoto wa mama Léocadie kule Buterere, poleni tena, na mtusamehe midomo yetu.

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijaondoka kwenye kipaza sauti, nina mawili. La kwanza: ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata kama haiumi, hata kama kesho yake imekoma, nenda kwa daktari. Usingoje, na usijitibu kwa maziwa. Miezi minane Tajudini alingoja.

La pili nimetumwa. Jumatatu nilikwenda Carama kumwona Abdu. Amelala. Kuinuka ni kwa kushikwa. Nilidhani ataniomba dawa, au mifuko, nami nikaanza kumwahidi kwamba tutatafuta. Akanikatiza.

"Dada, tulikuwa watatu," akasema. "Mama Léocadie alienda, Tajudini nimemuosha kwa mikono yangu. Mi niko na binti tu, sina ndugu mwanaume hapa mujini. Mwenye tulipeana mukono ameshatangulia. Sasa ulize watu ku redio. Uliza vizuri, usiwaogopeshe. Mi nani ataniosha?"

Nimeuliza, wasikilizaji wapendwa. Anayeweza atupigie simu hapa redioni, awe ana ugonjwa huu au hana. Daktari amesema ni suala la siku chache.