Mguu Ulioitwa Mzima

Gari likiondoka Nyaishozi, Joviana aliinua picha yake ya eksirei dirishani ili jirani yake aione.

"Tazama, mzee wangu. Mfupa umevunjika hapa, hata kipofu angeuona! Daktari akasema ni mzima, nirudi nikalime maharage. Sasa umeunga vibaya, nachechemea kama kuku aliyefungwa kamba. Namshitaki!"

Mzee Placidius, ambaye miguu yake yote ilikuwa mizima, akashusha pumzi. "Msamehe, mama. Binadamu hukosea."

"Ungekuwa mguu wako ungesamehe?"

"Lakini ukimshitaki, kesho atakupiga picha nani?"

Joviana alimeza tusi la Kinyambo. Gari likasimama kwenye geti la hospitali ileile alikopigwa picha, akashuka akichechemea.

"Atanipiga huyohuyo, mwingine hatuna. Lakini leo picha hii ataisoma kwa sauti, mbele yangu."