Mzee Kipyego Kimutai, Aliyesikiliza Miguu

Notisi ya karakana ya miguu bandia, ya tarehe 4 Machi 2019, ilitangaza kwamba kugonga kwa sarafu si kipimo kinachotambuliwa, na kwamba mguu wowote wa nyuzi za kaboni wenye cheti hauna kasoro. Marehemu Mzee Kipyego Kimutai aliibandika mwenyewe ukutani, akahakikisha imenyooka.

Alizaliwa Ainabkoi tarehe 9 Agosti 1962, akasoma huko huko hadi darasa la saba, kisha akajifunza ufundi mjini Eldoret. Aliajiriwa katika karakana hiyo mwaka 1984, akastaafu 2022.

Alifunga ndoa na Joyline tarehe 17 Desemba 1988. Bibi harusi alichelewa saa mbili. Bwana harusi akazitumia kukaza benchi la wazee lililokuwa likiyumba.

Mwaka 2021, Lennox, mwashi wa Langas, alifuata mguu wake mpya. Asipofika kazini Jumatatu, nafasi yake ingepewa mwingine. Mzee aliugonga kwa sarafu ya shilingi kumi. Kote ulilia ka, ka. Karibu na kisigino, du.

“Huu hapana.”

“Mzee, si ni kaboni? Walisema inashinda chuma!”

“Ukiivuta, inashinda. Sasa wewe unataka kuning'inia ama kusimama?”

Akauweka kwenye mashine ya kubana. Kabla mzigo haujafikia uzito wa Lennox na karai lake la mchanga, mguu ulilia pa! ukakunjika kwa mstari mmoja, kama karatasi iliyopitishiwa ukucha.

“Nyuzi ni nyuzi tu,” Mzee alisema. “Gundi ndiyo inazisimamisha. Ikiachia ndani, zinalala zote pamoja. Chuma hupinda kwanza, kikuonye. Hii hunyamaza mpaka siku yake.”

Lennox alikaa chini. “Basi nipigie fundi wangu wa mjengo simu wewe. Mimi hataniamini.”

Mzee alipiga. Fundi akangoja wiki tatu, hadi mguu mwingine ulipolia ka kote. Tangu hapo Lennox amejenga ghorofa nne, akizipanda kwa miguu yote miwili.

Moyo ulianza kumsumbua Mzee Januari 2024. Alifariki nyumbani Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, asubuhi, baada ya chai.

Ameacha mjane, Joyline. Binti, Jebet, aliyerithi kazi na sikio. Na wajukuu wanne. Mungu ampe pumziko ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiliahirisha.

Walioleta miguu nyumbani ikaguliwe wataichukua kwa Jebet kuanzia Jumatatu, akiwemo mkurugenzi aliyetia sahihi notisi ile. Wa mama yake mkurugenzi uko tayari.