Felisiani Nyandwi na Bakuli la Rozari

Bwana Felisiani Nyandwi, mpiga picha za eksirei, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi hospitalini hapa Ngara. Ameona mbavu za watu wengi kuliko padri alivyosikia maungamo, na kama padri, hajawahi kumtaja mtu.

Alianza enzi za filamu za kusafishwa gizani, mikono ikinuka dawa hata siku ya harusi yake na Mama Priscila. Mlangoni aliweka bakuli la bluu. Akina mama wetu wakiambiwa wavue vitu vya shingoni huvua vyote isipokuwa rozari, ambayo huisukumiza ndani ya nguo. Felisiani hakuwasema. Alinyoosha bakuli, akasubiri.

Mwishoni mwa 2023 ililetwa kompyuta yenye akili mnemba, inayosoma picha ya kifua na kutaja anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu. Wiki ya kwanza ilimshuku Bibi Nyirabahizi. Felisiani akanyoosha bakuli, rozari ya mbegu, ambayo punje zake zilionekana pichani kama madoa ya mapafu, ikatoka, picha ikarudiwa, bibi akaonekana mzima. Felisiani akatutangazia kuwa kompyuta hiyo haijabatizwa.

Ili kulithibitisha hilo mbele ya idara nzima, akaniamuru mimi, msaidizi wake, nimpige picha yeye mwenyewe. Kompyuta ikamshuku. Tulicheka sana. Akavua fulana, akapapasa shingo, akapekua mifuko. Hakukuwa na rozari.

Aliisoma picha, akasema ni safi. Lakini alikuwa amekohoa miezi miwili, akisingizia vumbi la barabara, nasi tulinyamaza kwa sababu ni mkubwa wetu. Niliogopa. Nikamwambia atoe makohozi, la sivyo nampigia simu Mama Priscila. Akatoa upesi. Maabara ilikubaliana na kompyuta.

Alimeza dawa miezi sita bila kuruka siku. Alipopona, alisimama mbele ya kompyuta, akavua kofia, akaiamkia shikamoo. Haikuitikia, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuitikia kwa niaba yake.

Mzee wetu, karatasi hii ingeweza kuwa tanzia, na mimi ndiye ningeiandika. Asante kwa kutufundisha kazi, na asante zaidi kwa ubishi wako wa siku ile. Bakuli linabaki mlangoni. Kompyuta bado inalihitaji. Nenda Nyamiaga kwenye migomba yako, ukapumue. Tunakutakia maisha mema, na kifua safi.