Jiwe Lililokonda

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Machi 1965, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, katika chumba cha uani cha nyumba ya wazazi wake chini ya mlima, akiwa mtoto wa nne kati ya sita, na saa hiyo inajulikana kwa uhakika si kwa sababu nyumbani kulikuwa na saa ya ukutani, bali kwa sababu ndiyo saa ambayo kampuni ya mawe iliulipua mlima kwa mara ya kwanza, na ikaiandika kwa rangi nyekundu kwenye bango la langoni, ambako ilisomeka kwa miaka mingi. Mama yake mzazi, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa ulimi wake, alikuwa akisema, "Siku ile tulijifungua wawili, mimi na mlima. Wangu alibaki nyumbani, wa mlima walimpakia kwenye lori." Majirani wakamwita mtoto Baruti, na jina likamganda hadi leo, ingawa alikua mtu mpole ambaye hata kabla ya kupiga chafya aliomba radhi.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1973, katika darasa ambalo dirisha lake lilitazama mlima wa mawe na sakafu yake ilikuwa vumbi tupu, akamaliza mwaka 1979. Mwenzake wa darasani, ambaye yuko nasi hapa, anakumbuka siku mwalimu wao alipowataka wataje utajiri wa nchi, wakataja mawe, shaba, mbao, mito, ardhi, wakaendelea hadi ubao ukajaa, ikabidi mwalimu afute maneno ya juu apate pa kuandika mengine, na Baruti, aliyekuwa akinakili polepole, akanyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, umefuta mawe kabla sijayaandika." Mwaka 1981 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu fani ya uashi na uchongaji mwezi Novemba 1983, na cheti chake hakikuwahi kumletea kazi yoyote, maana kila aliyemwajiri alimwambia ashike nyundo kwanza waone.

Mwezi Februari 1984 aliajiriwa kwenye machimbo ya mlima huohuo uliojifungua siku aliyozaliwa, akikata mawe makubwa meupe yenye mishipa ya kijani, ambayo yalishuka bandarini mabichi kama yalivyotoka, na kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kuliona hata jiwe moja likiwa limesuguliwa. Aliliona mwaka 1996, alipotumwa mjini kusaidia kupanga sakafu ya benki mpya, akafungua kasha lililotoka ng'ambo, lenye muhuri na maandishi ya kigeni, na ndani akaukuta mshipa wa kijani anaoujua kama anavyoujua mkono wake. Aliporudi nyumbani alimwambia mkewe, "Nimekutana na mtoto wetu. Amerudi anang'aa, anaongea kwa pua, na bei yake sisi hatuiwezi." Alikuwa akicheka, lakini kabla mwaka huo haujaisha aliacha kazi ya machimboni, akafungua karakana yake kando ya barabara, ya kuchonga maandishi kwenye mawe.

Marehemu alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1987, na mshonaji wa nguo ambaye duka lake lilikuwa mkabala na lango la machimbo, na Mungu akawajalia watoto wawili, mtoto wa kiume ambaye sasa ni dereva wa malori yanayoshusha mawe bandarini, na binti, kitinda mimba wao, aliyesomea uchumi chuo kikuu. Huyu binti ndiye aliyeiandika historia hii, akimpigia mjomba wake simu mara kwa mara kuhakikisha tarehe, hadi mjomba akamwambia, "Mwanangu, Mungu anazo zote, wewe lala kidogo." Kila likizo alikaa karakanani na baba yake, akajifunza kupima nafasi kati ya herufi na herufi, na akajifunza kwamba herufi yenye tumbo, kama B, huchongwa mwanzo wa siku, mkono ukiwa bado na subira.

Kazi iliyomjulisha marehemu kwa watu ilianza mwezi Agosti 1999, ilipotangazwa kwamba uwanja ulio nyuma ya soko utajengwa hospitali kubwa yenye wodi nne na chumba cha upasuaji. Aliagizwa achonge jiwe la msingi, akachagua jiwe la mlima wetu, lenye unene wa vidole vinne, na siku hiyohiyo akakata vibati viwili vya kuchorea herufi kabla ya kuzichonga, kimoja cha neno LIMEWEKWA na kingine cha neno LIMEFUNGULIWA, kwa sababu alifikiri majengo ya serikali hujengwa haraka, na hakutaka siku ya ufunguzi imkute hajajiandaa. Cha kwanza alikitumia wiki ileile, cha pili akakitundika kwenye msumari, pembeni ya dirisha.

Jiwe likawekwa kwenye nguzo ya matofali, kwa mahema, ngoma, vipaza sauti na fulana zenye picha ya mgeni rasmi, misingi ikachimbwa, saruji ikaletwa mchana mbele ya kila mtu na ikaondoka bila mtu kuiona, mabati ya uzio yakafuata, na mvua ziliponyesha misingi ikajaa maji, bata wakahamia. Muuza nyanya wa pale sokoni ndiye aliyesema kwamba hospitali yetu haikosi wodi, ina wodi ya bata, na imejaa.

Mwaka 2004 alikuja mheshimiwa mwingine na mradi uleule kwa jina jipya, na fungu la jiwe jipya lilipitishwa, lakini lilipofika karakanani lilikuwa limegeuka kuwa jiwe lilelile la zamani, limefunguliwa kutoka kwenye nguzo na kuletwa kwa toroli, pamoja na maagizo kwamba aligeuze achonge upande wa nyuma. Aliligeuza akachonga. Alipokuja wa tatu, pande zote zilikuwa zimejaa, wakamwambia alisage jina la kwanza, akalisaga, na tangu hapo kila baada ya miaka michache mlio wa mashine yake ya kusagia uliposikika hadi sokoni watu walijua kuna mkubwa anatoka na mwingine anaingia. Jiwe likakonda, kutoka vidole vinne hadi vitatu, hadi viwili, wakati jengo halijanenepa hata tofali moja. Wazee walipotaja mbele yake ile methali kwamba penye miti hapana wajenzi, aliwajibu, "Ni kweli, lakini penye mawe waweka mawe ya msingi hawakosekani."

Wapo waliomlaumu, na siku moja kinyozi wa jirani alimwambia mbele za watu, "Baruti, hawa wakubwa wanasema uongo, na wewe ndiye unayewaandikia." Marehemu hakukasirika, alizima mashine, akajifuta uso, akasema, "Ndugu yangu, mimi nimeandika limewekwa, na limewekwa kweli. Neno la pili liko pale ukutani. Walete kazi yake, nitaichonga bure." Kinyozi akakitazama kile kibati, ambacho wakati huo mwenzake alikuwa amelika kingo kwa kutumika, chenyewe bado kinang'aa kama kilivyokatwa, na tangu siku hiyo akawa ndiye rafiki yake wa karibu zaidi.

Binti yake alipokuwa mwaka wa pili chuoni alirudi nyumbani na vitabu vinavyoeleza kwa nini nchi zenye mali nyingi huwa na watu maskini, akamsomea baba yake kurasa kadhaa, kuhusu bei za ng'ambo, mikataba, na viongozi wasiohitaji kodi ya wananchi kwa kuwa ardhi inawalisha. Marehemu alisikiliza hadi mwisho, akasema maelezo hayo ni mazuri na hana ubishi nayo, kisha akauliza kama mwandishi ameeleza mahali popote kwa nini wananchi huenda kupiga makofi. Binti alitafuta ukurasa huo likizo nzima, na anakiri mbele yenu kwamba hajaupata.

Afya ya marehemu ilianza kuyumba mwaka 2016, kwa kikohozi kikavu ambacho zahanati ilikitibu kama mafua, kisha kama pumu, kwa kuwa haikuwa na mashine ya kupiga picha ya kifua. Mkewe ndiye aliyejua mapema, kwa kuwa ndiye aliyezikung'uta nguo zake uani kila jioni, na kila wingu jeupe lilipopanda aliuliza, "Leo umeniletea mheshimiwa gani ndani ya shati?" Naye mumewe alitaja jina la aliyesagwa siku hiyo, wakacheka wote wawili, yeye akimalizia kwa kukohoa. Mwezi Oktoba 2021 mwanawe alimchukua kwenye lori la mawe hadi mjini, safari ya saa tisa kwenye barabara iliyochimbwa mashimo na malori hayohayo, na huko daktari aliwaonyesha picha, akawaambia kwamba mapafu yamejaa vumbi la mawe na hayatarudi kama yalivyokuwa, kilichobaki ni kupumzika, kukaa mbali na vumbi, na kuwa karibu na hospitali yenye oksijeni. Marehemu alimshukuru, akamwambia kwamba kuhusu hilo la mwisho asiwe na wasiwasi, hospitali iko hatua chache kutoka kwake, na jiwe lake haliachi kurudi mezani kwake.

Hakuwa akitania. Mwezi Mei mwaka huu 2023 jiwe lililetwa tena, safari hii kwa ajili ya sherehe iliyopangwa kufanyika leo, Jumamosi ya tarehe 17 Juni, na familia ilimsihi alikatae, yeye akasema akikataa watampa kijana asiyejua kujifunga kitambaa puani. Alilisaga pande zote mbili, taratibu, kwa siku kadhaa, likabaki na unene wa kidole kimoja, jeupe, halina jina la mtu, na kabla hajaanza kuchonga pumzi zikamwishia.

Alipelekwa zahanati siku ya Jumatano, tarehe 14 Juni. Zahanati ilikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni, ambao muuguzi wa zamu aliugawa kati yake na mama mmoja mjamzito, akiuhamisha kitanda hadi kitanda, na marehemu alipoelewa kinachofanyika aliashiria kwa mkono kwamba mtungi ukae kwa yule mama. Mama huyo alijifungua salama. Marehemu alifariki dunia siku ya Alhamisi, tarehe 15 Juni, saa tisa na robo alasiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, umbali ambao mtu mwenye sauti ya kawaida angeweza kuita na kusikika kwenye uwanja wa bata.

Jioni ya siku hiyo gari la ofisi lilisimama mbele ya nyumba, dereva akashuka, akasalimia kwa adabu, akaeleza kwamba ametumwa kuchukua jiwe na aende nalo kwa fundi mwingine.

"Mzee yupo?" aliuliza.

"Amefariki leo," binti alimjibu. "Zahanati. Hospitali bado ni hilo jiwe unalolitaka."

Dereva alivua kofia, akatoa pole, na ilionekana wazi kwamba pole yake ilitoka moyoni, lakini alisema pia kwamba akirudi mikono mitupu kibarua chake kitaota nyasi. Mjomba, ambaye ni mtu wa kupenda amani na anafanya kazi ofisi za serikali, alishauri kwamba jiwe litolewe, kwa kuwa mheshimiwa ameahidi kuleta jeneza na viti, na si vizuri familia ionekane ya wakaidi siku ya msiba. Hapo ndipo mjane aliposimama. "Kaka," alisema, "hilo jiwe limeshamla mtu mzima. Likitoka humu ndani litaenda kula mwingine." Dereva akaambiwa arudi kesho saa sita.

Familia inamshukuru daktari wa mjini aliyesema ukweli bila kuupamba, muuguzi wa zahanati, ambaye tunaomba asilaumiwe na mtu yeyote kwa mtungi ambao hakuwa yeye wa kuununua, mafundi wenzake waliotengeneza jeneza, kinyozi aliyemnyoa marehemu kwa mara ya mwisho, wanawake wa sokoni waliopika, na majirani wote. Inatoa taarifa pia kwamba mahema mnayoyaona nyuma ya soko si ya msiba huu. Sherehe ya huko imeahirishwa, na sababu iliyotangazwa asubuhi ya leo kwenye kipaza sauti ni kwamba jiwe halikupatikana. Miaka ishirini na minne hospitali imekosa kuta, paa, vitanda na madaktari, na sherehe zake hazikuwahi kuahirishwa hata siku moja.

Jiwe lipo. Asubuhi ya jana, Ijumaa, binti yake aliingia karakanani jua lilipochomoza, akajifunga kitambaa puani kama alivyofundishwa, akachukua patasi ya baba yake, akaanza na ile herufi yenye tumbo mkono ukiwa bado na subira. Aliandika BARUTI, na chini yake, kwa kibati kilicholika kingo, LIMEWEKWA NA WANAWE, na kila herufi aliizamisha zaidi ya alivyofundishwa, hadi kukaribia upande wa pili, ili mtu yeyote akijaribu kulisaga tena libaki vipande mkononi mwake. Dereva alipofika saa sita alilikuta tayari, akapitisha kidole ndani ya herufi, akasema kwamba atawaambia wakubwa limevunjika, kisha akasaidia kulibeba hadi hapa mnapoliona. Kibati cha pili binti hakutaka kizikwe na baba yake. Alikitoa pale pembeni ya dirisha, akakipigilia nje ya mlango wa karakana, mahali ambapo kila apitaye barabarani atakiona, na mwenye kazi nacho ajue pa kukipata.

Vuta pumzi sasa, Baruti, huko hakuna vumbi. Lala kwa amani.