Bujiku Mihayo na Mtutu Ambao Haukupimwa

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, ndugu na majirani, tumsifu Yesu Kristo. Familia imemtuma Kalisti, baba mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya mwanawe, na inaomba kila mmoja asikilize mpaka mwisho, hata wale waliokwisha kuusimulia mwisho huo kwa namna yao huko vilabuni na kisimani.

Marehemu Bujiku Mihayo alizaliwa hapa Ushirombo tarehe 14 Agosti 1984, na mama yake alipofariki mwaka 1990 alichukuliwa na mama yake mkubwa, Nyamizi, ambaye hakujaliwa mtoto, akamlea kwa jasho la shamba la karanga mpaka akamaliza darasa la saba mwaka 1999, hapa hapa kijijini. Bujiku hakumwita kwa jina lingine ila Mayu, yaani mama, maana ndiye aliyemjua.

Mwaka 2005 alihitimu mafunzo ya mgambo, na mwaka 2008 akaajiriwa kulinda mitambo ya kuchenjua dhahabu karibu na Buseresere, kazi ambayo Mayu hakuipenda hata siku moja, na kila Bujiku alipokuja likizo Mayu alimsihi aiache hiyo bunduki kabla haijamuua, kama ambavyo mama yeyote angesema. Tarehe 20 Juni 2009 alifunga ndoa takatifu na Loveness, wakajaliwa watoto watatu, Masalu, Sesilia na Marselino, ambao mnawaona hapa mbele.

Mwezi Februari 2024 bunduki yake ilibadilishwa mtutu, kwa kuwa wa zamani ulikwisha kulika ndani. Hapa familia inaomba utulivu. Mtutu mpya ukifungwa, ni lazima ipimwe nafasi inayobaki kati ya bolti, yaani kile chuma kinachoifungia risasi kwa nyuma, na kitako cha risasi, kwa vipimo viwili vya chuma, cha kwanza bolti ifunge, cha pili, kilichozidi kwa unene wa unywele tu, bolti igome. Fundi aliyeufunga mtutu hakuvitumia. Alitia risasi ya kawaida, bolti ikafunga, akasema imekaa, wakubwa wakaitikia, na wote walisahau, au hawakutaka kujua, kwamba nafasi ikizidi bolti hufunga vilevile, tena kwa ulaini. Tarehe 6 Machi, kwenye mazoezi ya shabaha, Bujiku alifyatua risasi ya kwanza, ganda la risasi likakosa pa kuegemea, likapasuka, moto na vipande vya shaba vikamrudia usoni, na tarehe 15 Machi akafariki hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mayu.

Mtaalamu wa silaha wa polisi aliingiza kile kipimo cha pili mbele ya Kalisti anayewasomea haya, na bolti ikafunga bila kugoma. Hicho ndicho kilichomuua. Lakini watu wa kijiji hiki walikwenda kwa mpiga ramli, wakarudi na jina la Nyamizi, kwamba kauli yake ile ya kumsihi aiache bunduki ndiyo iliyoipasua, na ushahidi wa uchawi wake ni macho yake mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi akiwapikia ninyi wenyewe kwenye misiba yenu. Juzi mlilipiga mawe bati lake. Aibu iliyoje! Mama amefiwa na mwana, hajamaliza kulia, tayari analala akisikiliza hatua za mtu nje, na hata leo ameogopa kukaa jamvini na wenzake, yuko jikoni, nyuma ya mlango, akimlilia mwanawe kwa kujificha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania uhai wake, wafanyakazi wenzake waliombeba mpaka hospitali, na majirani waliochimba kaburi hili. Wenye mitambo hatuwashukuru, tutaonana nao mbele ya sheria.

Ratiba mliyoizoea huanza na mjane, ila leo, kwa ombi la Loveness mwenyewe, udongo wa kwanza utawekwa na Mayu Nyamizi. Anayeamini kwamba mkono huo ulimuua Bujiku asimame sasa, mchana huu, mbele ya jeneza, aseme. Kama hakuna, basi Mayu atoke jikoni, aje mbele, na mawe yaishe leo.

Pumzika kwa amani, Bujiku. Mama yako tunaye.