Kwa Mzee Mto, Dereva Aliyejua Kulala

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kampuni, Bwana Ratiba uliyewahi kiti cha karibu na feni, madereva mliopo na wale walio njiani ambao ndio wengi, wake wa madereva mnaoiendesha kampuni hii bila mshahara, ndugu wageni waalikwa, na wewe dada yangu uliyekaa mstari wa nyuma ukinikazia macho: habari zenu za mchana.

Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe tulikubaliana na mwalimu kwamba inatosha. Kwa hiyo nikikosea maneno, mezeni hivyo hivyo. Aliyetaka nisimame hapa ni mwenyewe anayestaafu. Mheshimiwa aliuliza, kwa adabu zake, huyu muuza kahawa wa mizani anahusikaje. Mzee akamjibu kwamba nimemtazama akilala miaka kumi na tisa, na hata mkewe hajapata nafasi hiyo.

Ni kweli. Mimi kibanda changu kiko pale malori yanapopimwa uzito. Kahawa yangu si ya starehe, jamani, ni nyeusi kama tairi, na wateja wangu ni watu wanaotaka usingizi uwakimbie. Nauza macho, kwa kifupi. Sasa huyu mzee, katika miaka yote hiyo, hajanunua hata kikombe. Anafika, anapimwa, anaegesha pembeni, anatia jiwe chini ya tairi, anavua viatu, anatoa mto wake wenye foronya ya maua, anatoa miguu dirishani, analala. Saa nne ya asubuhi, jua linawaka, honi zinalia, watu wanagombana, yeye anakoroma kama yuko kwa mama yake. Ndiyo maana tukamwita Mzee Mto. Siku moja nikamwambia, mzee, onja basi hata bure. Akanijibu, "Kahawa inafungua macho, mwanangu. Haiamshi mtu."

Nikacheka. Nikaona huyu anataka kuniharibia soko.

Ndugu zangu, hivi tunajua hawa watu wanaishi vipi? Mtu anakula kwa siku nane juu ya paja lake, anaoga kwa dumu la lita tano nyuma ya tela, mzigo wa tani thelathini unamsukuma mgongoni kwenye kila mteremko, na mkewe anamjua zaidi kwa sauti ya simu kuliko kwa sura. Na ratiba je? Bwana Ratiba, wewe na rula yako ni mafundi, hilo sibishi, lakini kwenye karatasi yako mpaka ni mstari wa kalamu, na kule mpaka wenyewe ulipo ni kilomita nne za malori yaliyosimama. Dereva akichelewa, masaa yale hayakatwi kwenye kazi. Yanakatwa kwenye nyumba yake. Hapo ndipo wanapoanza kuja kwangu.

Sasa nisogee kwenye kilichonileta. Miaka kumi na moja iliyopita, shemeji yangu, mume wa dada yangu huyu, alikuwa anarudi safari. Dada alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, mtoto ana wiki tano, baba hajamwona. Ratiba ilimpa afike Jumamosi mchana, Jumapili alfajiri aondoke tena. Foleni ya mpakani ikamla siku nzima. Akapiga hesabu kwamba asipolala kabisa, bado atawahi nyumbani. Akaja na lori hivyo hivyo, siku moja na nusu hajafumba jicho.

Akateremka kwenye kibanda changu asubuhi, akaniambia, "Shikamoo, mzee. Nipe kahawa."

Mimi huyu. Kanizidi miaka miwili, nimekula naye sahani moja, nimemchezea harusini mpaka suruali ikachanika. Nikadhani utani, si mnajua mashemeji. Nikaitikia marahaba, nikamimina. Akanywa, akaniuliza barabara ya kwenda kwao ni ipi. Nikacheka tena, nikamimina cha pili. Akanishukuru kama unavyomshukuru mtu usiyemjua. Nikamimina cha tatu.

Mzee Mto alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori lake anafunga viatu. Akaviacha. Akaenda peku mpaka kwenye lori la shemeji, akapanda, akachomoa ufunguo, akautia ndani ya foronya yake ya maua, akarudi akaulalia. Shemeji akamfuata, akamvuta shati, akatukana, mwisho akalia. Akamwambia, mzee, mwanangu ananisubiri. Na mzee, bila kuinua kichwa, akasema:

"Anakusubiri wewe. Hasubiri habari zako."

Shemeji alilala kabla hajamaliza kutukana, pale pale chini, kwenye kivuli cha tairi. Simu ya shemeji ikapigwa kutoka ofisini, gari liko wapi. Mzee akaipokea yeye. Akasema hapa kuna vitu vitatu, gari, dereva na usingizi, viwili nitawaletea, cha tatu tunakimalizia huku huku. Kwa jibu hilo alisimamishwa safari wiki sita, mzee mzima, akaosha matela. Sikumsikia akinung'unika.

Shemeji alifika nyumbani Jumapili, akamshika mtoto dakika arobaini, akaitwa kazini. Na dada yangu, tangu siku ile, kila akisikia jina la Mzee Mto anatoka chumbani. Yeye anachojua ni kwamba kuna mzee mmoja mkaidi alimnyang'anya mumewe ufunguo. Shemeji anakumbuka ufunguo tu, kwamba hakunijua hakumbuki. Mzee hakumwambia mtu. Nimebaki mimi, na mimi nilinyamaza, kwa sababu aliyeshika birika ni mimi.

Dada, mumeo hakunijua. Nilimwona hanijui, nikammiminia. Cha nne nilikuwa nimeshakiinamishia birika. Mimi ni damu yako, nikamwongezea. Huyu mzee si ndugu yako, akakubali umchukie. Miaka thelathini na moja kaendesha, na ajali ambazo hazikutokea hazina picha ya kubandika ukutani, lakini moja mimi niliiona kwa macho yangu isivyotokea. Watu wa namna hii wametengenezwa na nini? Nimewaza mpaka nimechoka.

Mzee wangu, pumzika. Mheshimiwa, nilikuwa na maneno mengine, nayakatisha, maana naona dada yangu amesimama, anakuja mbele, na sijui anakuja kwa mzee au anakuja kwangu. Mpisheni njia.

Nawashukuru wote kwa masikio yenu.