Miaka Thelathini na Mitatu ya Kuyashuku Majibu: Bi. Asmahani Badar Anastaafu

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Bi. Asmahani Badar, mkuu wa kitengo cha kuotesha vimelea katika maabara ya hospitali yetu hapa Tabora, anavua koti jeupe. Sisi tunaobaki tunampongeza, ila kwa wasiwasi.

Binti huyu wa muuza vitambaa wa mjini alianza kazi katika kituo cha afya cha Tura mwaka 1992, akituma makohozi ya wagonjwa Tabora kwa treni. Treni ikichelewa, kikopo kilifika na joto la siku nzima, vimelea vya mdomoni vimeshavifunika vile vinavyotafutwa. Huko ndiko alikoanza kudai saa ya kuchukuliwa iandikwe kwenye kila kikopo. Alipohamia maabara hii, kisicho na saa alikirudisha, hata kama kimeletwa na daktari mwenyewe. Wauguzi walimwogopa. Mimi pia, nilipoajiriwa baadaye.

Wasiwasi wake haukuwa na likizo. Kwenye harusi ya bintiye Ruaa, hina ikiwa mbichi mikononi, alipiga simu mara tatu kuuliza kabati la kuoteshea lina nyuzi ngapi, maana alisikia umeme umekatika kata ya Itetemia hapa mjini. Tukamwambia thelathini na saba, kama inavyotakiwa. Akataka atumiwe picha ya kipimajoto.

Lakini nisipoeleza ya Machi 2017, wasifu huu utakuwa wa uongo. Nilikuwa na wiki mbili kazini. Jumamosi jioni wodi ilileta maji ya uti wa mgongo ya Masolwa, mtoto wa miaka sita kutoka Choma, mwenye homa kali na shingo iliyokakamaa. Nilikuwa peke yangu. Nikayaweka kwenye friji pamoja na mikojo, nikidhani baridi huhifadhi kila kitu. Jumapili nikayapanda kwenye sahani za kuoteshea, tone lake nikalipaka kwenye kioo, nikakitazama kwa hadubini, haraka haraka. Jumanne sahani zilikuwa tupu. Nikampigia simu daktari wa wodi, kisha nikaandika: hakuna kilichoota.

Bi. Asmahani alishika kalamu asaini, akasita.

"Gervasi, hii sampuli ililala wapi?"

"Kwenye friji, Mama Ruaa."

Akaiweka kalamu chini. "Vimelea vya homa ya uti wa mgongo vinakufa kwa baridi. Basi hatujui kitu."

Akatoka mbio kuelekea wodini. Nilimfuata. Dokta Majidi, yule niliyempigia simu, alikuwa ameshaandika sindano za mtoto za kuua vimelea zisimamishwe.

"Mama, majibu yenu wenyewe yanasema hakuna kitu," alisema, amekereka.

"Yanasema hakuna kilichoota, Daktari. Hayo ni mambo mawili. Nipe saa mbili, na sindano usizisimamishe."

Alirudi akakiweka kile kioo changu kwenye hadubini, akakipitia kipande kwa kipande. Mama yake Masolwa alisimama mlangoni, kanga mdomoni. Saa nzima ilipita. Kisha Bi. Asmahani akaniita nitazame. Ndani ya seli nyeupe kulikuwa na vidoa vyekundu, viwili viwili, vimeegemeana kama punje za kahawa. Baridi ilikuwa imeviua, lakini miili yake ilikuwepo. Ilikuwepo tangu Jumapili, na mimi niliipita.

Sindano ziliendelea. Baada ya wiki mbili Masolwa alitembea mwenyewe hadi getini. Sikio lake la kushoto halisikii mpaka leo. Daktari alisema ni ugonjwa, si sisi. Bado najiuliza.

Nilisubiri kufukuzwa. Kwenye taarifa ya kosa Bi. Asmahani aliandika jina lake kwanza, langu la pili, na chini yake: sikuwa nimemfundisha. Mwaka huohuo alianza kuzunguka vituo vya afya vya wilaya, akiwafundisha wauguzi namna ya kuchukua sampuli na kuisafirisha. Leo daktari akipata majibu yetu, hapigi simu mara ya pili kuuliza kama tuna uhakika.

Kuanzia Jumanne, tarehe mosi Julai, saini ya mwisho ni yangu. Naogopa, na nimemwambia. Alinijibu kwamba siku nitakayoacha kuogopa, niombe uhamisho.

Mama Ruaa, ahsante kwa yote. Tunakuombea afya njema, nyumba yenye wajukuu, na usingizi mzito usiokatizwa na maabara.

Gervasi Leonadi, kwa niaba ya wafanyakazi wa maabara